Usinizike kwa Wimbo wa Ijumaa Kuu

Mkamburi mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko chumba cha pili, unafunga sanduku na kulifungua tena, na kila ukilifunga kuna kitu kimebaki nje. Ningekuita tuzungumze, lakini tangu Dominika kila nikijaribu kuzungumza nawe hasira hutangulia, na ulimi huu ambao kiharusi kimeniachia nusu hauwezi kubeba hasira na maneno kwa pamoja. Maneno yanagongana, mate yananitoka, wewe unachukua kitambaa kunifuta, na mtu akishafutwa mdomo na mwanawe hana tena la kusema. Kwa hiyo naandika. Naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke herufi.

Sitakuandikia habari za safari. Umezaliwa hapa Faza, boti na maji unavijua kuliko mimi niliyeletwa na kazi. Wala sitakufundisha ule nini huko Voi, au ukae vipi na walimu wenzako katika shule mpya. Mtu aliyeniosha na kunilisha tangu nianguke hana haja ya mafunzo hayo kutoka kwangu. Nataka kukuandikia kuhusu nyimbo. Na nakwambia mapema: bado nimekasirika.

Dominika iliyopita ilikuwa ya tatu ya Pasaka. Mshumaa wa Pasaka ulikuwa unawaka pale mbele, na maua ya Bi Mwanaesha, ambayo hutupa kila mwaka kutoka uani kwake ingawa si dini yake, yalikuwa bado hayajanyauka. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na mlango. Padre alikuwa kigango kingine, Katekista Kazungu ndiye aliyeongoza ibada, na kabla ya baraka akasimama akasema, "Ndugu zangu, leo tunamuaga Mkamburi wetu. Na kwa heshima ya Mwalimu, baba yake, tutaimba ule wimbo."

Hakuutaja jina. Hana haja. Mimi nilianza kupiga fimbo chini kabla hujagusa kinanda, na watu wakadhani napiga mapigo. Wakaimba "Wamekwenda Wote", beti zote, na wewe ukapiga kinanda vizuri kuliko nilivyokufundisha. Kina mama wakalia. Askari wawili waliohamia juzijuzi wakatoa simu kurekodi. Kanisa zima lilikuwa limerudi chini ya msalaba, na mshumaa unawaka mbele yao kama taa iliyosahauliwa mchana.

Tulipofika nyumbani nilikuuliza ulikuwa unafikiria nini.

"Baba, watu walitaka kutuaga. Mimi na wewe."

"Kwa wimbo wa Ijumaa Kuu?"

"Ni wimbo wako."

"Ndiyo maana najua ni wa lini."

Ulikwenda jikoni kuosha vyombo. Nami niliyosema baadaye, yale ya kwamba mtu asiyejua Pasaka inaanza lini na kwisha lini asishike kinanda, niliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Sasa nataka nikueleze hasira hiyo ilitoka wapi, maana wewe ulidhani imekuangukia wewe tu. Ilikuangukia. Lakini ilikuwa imepita kwangu kwanza.

Unajua kwa nini sisi wa hapa ni watu wa Ijumaa Kuu? Siyo kwa utakatifu. Ni kwa sababu ya padre na boti. Ijumaa Kuu haina Misa mahali popote duniani, kwa hiyo katekista anaiongoza na sisi wa kigango tunakuwa sawa na kanisa lolote kubwa. Lakini Mkesha wa Pasaka unahitaji padre, na padre usiku ule yuko mjini Lamu. Sisi hutufikia wiki inayofuata, mara nyingine ile nyingine. Basi kazi yangu yote nikaiweka mahali ambapo hatukuhitaji mtu wa kuletwa. Kwaresima nzima nilikuwa nafundisha Ijumaa Kuu. Walimu, askari, karani wa ofisini, muuguzi wa zahanati, wote nikiwakusanya jioni, sauti moja moja, mpaka besi zikatetemesha mabati. Tulianza ibada saa tisa, watu wa mji wameshatoka msikitini, barabara imetulia, na sauti zetu zilifika mbali. Nilipenda zifike mbali.

Pasaka yenyewe ikifika, kwaya ilikuwa imechoka na haijui wimbo mpya hata mmoja. Nikisema tuimbe nini, wanasema, Mwalimu, turudie ule. Nami nikawaacha waurudie. Mwanzoni ilikuwa Dominika ya pili, kwa sababu hatukuwa na kingine. Kisha ikawa msiba wowote, kisha ikawa kumuaga anayehamishwa. Umewahi kusikia kikundi kingine kikiimba mazishi ya Bwana katika sherehe ya kumpokea mkuu mpya wa shule? Sisi tuliimba. Nilikuwepo na mimi ndiye niliyeinua mkono.

Bi Mwanaesha ndiye aliyeniambia kwanza. Ulikuwa bado mdogo. Tulikuwa tunafanya mazoezi hapa uani, ni wiki ya baada ya Pasaka, akachungulia juu ya ukuta na upawa mkononi.

"Mwalimu."

"Naam, Bi Mwanaesha."

"Yule wenu si mesha kufufuka?"

"Ameshafufuka, tangu Dominika."

"Sasa mbona mungali mwamlilia? Au hamkupata habari?"

Kwaya ilicheka mpaka mazoezi yakaisha. Mama yako alicheka kuliko wote, akakaa chini kabisa. Mimi sikucheka. Nilimjibu yule mama kwa maneno ya shule, nikamweleza kwamba muziki mtakatifu una kina ambacho si rahisi kukielewa. Akaniangalia, akasema, "Haya, Bwana," akarudi kwenye wali wake. Mpaka leo nikimkumbuka akisema "Haya, Bwana" masikio yananichoma.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha na nakuandikia ili uyacheke peke yako ndani ya basi. Kuna mwaka padre alitupitia Alhamisi Kuu kabla ya kurudi Lamu, nami nikachagua wimbo wa sauti nne, wenye kupishana, kwa ajili ya kuoshwa miguu. Nilitaka padre aone tuna kwaya. Padre akaosha mguu wa kwanza, wa pili, akamaliza wote, akakausha mikono, na sisi bado tuko ubeti wa pili. Yule askari wa mwisho hakujua kama ameruhusiwa kuvaa kiatu. Alikaa mguu ukiwa hewani mpaka besi walipomaliza. Nilichojifunza ni kitu kidogo tu: wimbo wa siku ile unafuata maji, siyo maji yafuate wimbo. Chagua wenye kiitikio kifupi ambacho watu wanakiweza bila karatasi, unaoweza kuukata popote. Ni siku ya mtu kuinama. Kwaya nayo iiname.

Na Dominika ya Matawi, ogopa furaha ya mwanzo. Hapa makuti hayana shida, kila mtoto hubeba kuti refu kuliko yeye, na watoto wakishaanza kuyapunga hakuna anayewazuia. Niliwahi kuanzisha maandamano kwa wimbo wa shangwe wenye ngoma na kayamba, ukawashika watu mpaka ndani, na ilipofika kusomwa Mateso walikuwa bado wanahema na kutabasamu. Mtu anasoma kuhusu miiba na vigelegele bado viko kooni. Chagua wimbo wa njiani unaojua kuzimika mlangoni. Siku ile ina nyuso mbili na mwenye kuimbisha ndiye anayegeuza.

Lakini kosa langu kubwa la wiki ile lilikuwa Ijumaa yenyewe, ile niliyosifiwa. Ibada ile inaanza kwa kimya. Padre au katekista anaingia, analala kifudifudi, na hakuna wimbo. Inaisha kwa kimya, watu wanatoka hakuna wimbo. Mimi niliweka wimbo mwanzo na nikaweka wimbo mwisho. Kazungu alipouliza, kwa upole wake ule, "Mwalimu, kitabu hakisemi tukae kimya hapa?" nikamwambia watu wa hapa wamekuja kutoka mbali, hawawezi kukaa kimya. Ilikuwa uongo. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa kimya. Kimya kikizidi nilisikia mambo ambayo sikutaka kuyasikia, na mkono wangu ulikuwa unainuka wenyewe.

Mkono huo. Sasa nifike huko, maana nikizunguka zaidi utamaliza kufunga sanduku na mimi sijasema.

Mama yako alikuwa na Aleluya yake. Hakuitunga mezani, Mghoi hakuwa mtu wa meza. Ilimjia akichambua mchele. Ilikuwa neno moja tu, mara tatu, kila mara juu zaidi ya ile ya kwanza, kama inavyoimbwa usiku wa Mkesha, usiku ambao sisi hatukuwa na padre wa kuuanzisha. Aliniimbia, nikamwambia ni nzuri lakini haina sauti ya pili. Akasema, "Sauti ya pili ni wewe ukitaka." Sikutaka. Akakufundisha wewe. Nilikuwa nawasikia jikoni, yeye chini, wewe juu yake, halafu mnabadilishana. Nilikuwa naona ni mchezo wa jikoni.

Alipougua, mwishoni mwa Kwaresima ile, alijua kabla yangu. Ndugu zetu wa Taita walitaka akifa apelekwe nyumbani, akakataa, akasema amezaa hapa na atalala hapa, nyuma ya kanisa. Hilo nilikubali. La pili aliniambia siku ya Pasaka yenyewe, amelala pale kwenye kitanda cha kamba, mimi namshikia kikombe cha uji.

"Mwalimu," maana hata yeye aliniita hivyo akitaka kunichokoza, "nikifa ndani ya Pasaka usije ukanizika na Ijumaa yako."

"Hufi," nikasema.

"Sikukuuliza kama nafa. Nakwambia habari ya wimbo."

Alikufa wiki hiyohiyo. Ilikuwa bado Oktava, zile siku ambazo kanisa linazihesabu zote kuwa siku moja ya Pasaka. Padre alikuwa ameshafika kwa ajili ya Dominika yetu. Mshumaa ulikuwa umewekwa karibu na jeneza, umewashwa, kama inavyotakiwa. Alipoona nimegawa karatasi za "Wamekwenda Wote" akaniita pembeni, akaniambia taratibu, "Mwalimu, tuko ndani ya Pasaka. Huu wimbo si wakati wake." Nikamjibu, "Padre, mke ni wangu." Nani angebishana na mjane siku ile?

Nataka ujue nilichokuwa nakifanya, kwa sababu watu wamekwambia miaka yote kwamba baba yako alikuwa na uchungu. Uchungu nilikuwa nao. Lakini nilichagua wimbo ule kwa hasira. Nilitaka Mungu asikie kwamba mimi sijakubali. Kwamba kama yeye ana Pasaka yake, mimi nina Ijumaa yangu, na mimi ndiye mwenye kwaya. Nilimzika mama yako kwa ugomvi wangu na mtu mwingine, kinyume cha jambo moja aliloniomba.

Yaliyotokea kaburini unayajua, ila hatujawahi kuyataja, wewe wala mimi. Ulikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumemaliza ubeti wa kwanza, na kati ya ubeti na ubeti kulikuwa na ile nafasi ya kuvuta pumzi. Ukaianzisha. Aleluya ya mama yako, peke yako, kwa sauti nyembamba, kwenye kimo kilekile alichokuwa akikiimba yeye. Ya kwanza ukaimaliza. Ya pili mama mmoja wa sauti ya pili akaipokea kwa chini, na nikaona kichwa cha Kazungu kinainuka. Ya tatu ulikuwa umeshaianza.

Nikainua mkono wa kulia nikakunja ngumi. Ishara ya kukata. Nilikuwa nimeifundisha kwaya ile kwa miaka, wanaijua hata gizani, na wewe ulikuwa umekua ukiitazama. Wote wakakata. Na wewe ukakata, katikati ya neno, ukabaki mdomo wazi. Nikainua mkono wa kushoto nikaanzisha ubeti wa pili wa wimbo wangu, nao wakanifuata, na udongo ukaanza kutupwa.

Mimi ndiye niliyemnyamazisha mtoto anayemwimbia mama yake. Sikufanya hivyo kwa kupotewa na akili. Nilijua ni wewe, nilijua ni wimbo gani, na nilijua uko sahihi. Ndiyo maana nilikata. Ningekuacha umalize ya tatu, kaburi lote lingekufuata, na ugomvi wangu ungekuwa umekwisha pale pale, mbele ya watu, kwa mkono wa mtoto.

Jioni ile ulinitengea chakula. Mwaka uliofuata uliniomba nikufundishe kinanda na mimi nikafurahi, nikajisifu kwa watu kwamba binti yangu anarithi. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba ulikimbilia mahali ambapo hakuna anayekutaka ufungue mdomo. Tangu siku ile hujaanzisha wimbo. Unaimba ukiwa katikati ya wengine, unapiga, unafundisha wengine sauti zao kwa kuwapigia noti, lakini kuanzisha hujaanzisha. Na mimi niliona, nikanyamaza, kwa sababu kukuuliza kungekuwa kujiuliza.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita, lililonifanya nipige fimbo Dominika. Ulikuwa barazani unazungumza na simu, na yule mama wa parokia ya Voi, yule anayewatafutia mwimbishaji. Nilikuwa nimefumba macho, ukadhani nimelala. Ukamwambia, "Kinanda nitapiga, mama, msiwe na wasiwasi. Lakini kuimbisha hapana. Mimi sina sauti."

Nakukasirikia kwa hilo, Mkamburi. Nakukasirikia kweli, na sitalipunguza kwa sababu unaondoka. Huna sauti? Nani alikwambia? Ni mimi niliyekwambia, kwa ngumi, na wewe umeniamini kuliko ulivyomwamini mama yako. Nilikuwa mwanamume mwenye hasira kando ya kaburi. Kwa nini ulitii? Haya, ulikuwa mtoto, na mkono ulikuwa wa baba. Lakini kwa nini umeendelea kutii? Umebishana na wakuu wa elimu mbele yangu. Umemkatalia mwanamume aliyetaka kukuoa na kukuachisha kazi. Umemwambia daktari mjini kwamba dawa aliyoandika siyo, na ilikuwa siyo. Mkono huu tu ndio umeuogopa, na mkono wenyewe umeshakufa, umelala hapa juu ya karatasi kuizuia isipeperuke, hiyo ndiyo kazi iliyoubakia.

Watu hunisifu kwa nyimbo za Ijumaa Kuu. Sijatunga wimbo hata mmoja wa Pasaka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na ningeulizwa ningetoa maneno ya shule. Ukweli ni kwamba kilio ni rahisi. Mtu yeyote ana kilio ndani yake, ukimgusa tu kinatoka, na ukimtoa mtu machozi anakuita fundi. Pasaka inataka usimame mbele ya watu uimbe jambo ambalo hujaliona. Nilikaa mara nyingi na kalamu. Nilikuwa nafika kwenye jiwe la kaburi la Bwana, naliacha palepale lilipo. Baada ya kaburi la mama yako ndiyo kabisa. Ningetungaje Aleluya, mimi niliyeikata?

Kwa hiyo ukifika kwenye kwaya yako, hizi siku hamsini za Pasaka usizifanye kama nilivyozifanya. Usianze na shangwe ya harusi. Wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya kwanza walikimbia kwa hofu, hawakupiga vigelegele. Wimbo wa Dominika ya Pasaka uwe na mtu anayehema ndani yake, ambaye hajui aamini macho yake au asiamini. Furaha itakuja, ina wiki nyingi za kuja. Dominika ya pili muonee huruma yule aliyetaka kugusa majeraha kwanza, usimwimbie kwa kumsuta. Nyimbo za wiki zile ni za watu wasiomtambua: huyu anadhani ni mtunza bustani, wale wanatembea naye njia nzima na kumweleza habari zake mwenyewe. Kuna ile ya ufukweni, mkaa umewashwa na samaki juu yake, na hakuna anayethubutu kumuuliza wewe nani. Watu wa Faza wangeuelewa wimbo huo bila mahubiri, na mimi sikuwapa. Wape wa Voi wimbo mwingine wanaouelewa wao.

Kupaa usichague wa kilio, hata kama ni siku ya mtu kuondoka. Waliobaki walirudi mjini wakiwa na furaha, imeandikwa hivyo, nami siku zote niliona mwandishi amekosea. Leo nakusikia na sanduku lako na bado naona amekosea, lakini nimeanza kutaka awe sahihi. Zile siku za kungoja Roho, punguza vyombo, acha watu wangoje kweli. Pentekoste ikiisha na mshumaa ukiondolewa pale mbele, waache waone pameachwa wazi. Usiwahi kupajaza kwa wimbo kama nilivyozoea mimi.

Sasa habari yangu. Muuguzi aliniambia ukweli kwa sababu nilimwomba, na wewe najua alikwambia kwa sababu ulimwomba. Hatutaiandika hapa. Ikiwa nitaondoka kabla Pentekoste haijafika, Kazungu tayari ana mpango wake. Nilimuuliza jana alipoleta maji.

"Mtaniimbia nini?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Mwalimu, tutaimba nini tena? Si ule wako?"

"Nikikataa?"

"Utakuwa umelala, Mwalimu. Utakataaje?" Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Nani mwingine ataanzisha kitu kingine?" akauliza, kwa upole, na hilo halikuwa mzaha.

Nilitaka kumwambia ni wewe. Sikuweza, kwa sababu sijui. Na kwa sababu kuna jambo jingine ambalo ni aibu kuliko yote: Aleluya ya mama yako nimeisahau. Mimi, mwenye masikio yaliyosifiwa. Ya kwanza naipata, ya pili naipata nusu, na ya tatu kila nikiifikia nasikia ngumi. Kazungu haikumbuki. Yule mama wa sauti ya pili alihamishwa zamani. Haikuandikwa popote. Iko kwako tu, na najua iko, kwa sababu juzi ulipokuwa unaosha sufuria uliivumisha, chini sana, midomo imefungwa. Ulifika ya pili. Mimi nikakohoa. Ukanyamaza papo hapo, kama vile umekamatwa unaiba.

Nilikilaani kikohozi kile mpaka asubuhi.

Nilikusudia kumalizia hapa kwa kukuomba kwamba wakikuita kuja kunizika, usimame wewe, uianzishe, na yeyote atakayeinua mkono asitazamwe. Nimeandika hivyo na nimesoma, na nimekasirika upya, safari hii na mimi mwenyewe. Nakuomba uje kuniimbia nikiwa sisikii. Naona hata katika hili natafuta njia ya kutokuwepo.

Kwa hiyo si hivyo. Wakati wa kuondoka utapita chumbani kwangu kuniaga. Usiniletee uji, usinifute mdomo, na shikamoo yako niwekee. Simama hapo mlangoni na sanduku lako na uianzishe, kwa kimo cha mama yako, zote tatu. Majirani watasikia. Bi Mwanaesha atachungulia ukutani, na akikuuliza kama tumepata habari, mwambie ndiyo, zimechelewa njiani.

Nitajaribu sauti ya pili. Aliniachia mimi nafasi hiyo na sijaijaza. Itatoka vibaya, ulimi ni nusu, na pengine nitakohoa. Nikikohoa usinyamaze. Huu mkono hauinuki tena, Mkamburi, nimeujaribu sasa hivi. Ukifika ya tatu, endelea.

Baba yako